Miguu ya Rubani

Mpe rubani mwenye leseni ndege yenye gurudumu la mkia naye ataipaisha, ataikatisha kona na kuirudisha hadi juu ya kiwanja bila tabu. Kasheshe huanza magurudumu yakigusa chini. Anayetaka kujua kwa nini aende soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, atazame mkokoteni uliojaa ndizi ukishushwa mteremkoni. Ukienda sawasawa, hamna neno. Ukipinda kidogo, mzigo ulio nyuma unataka kumpita anayeuongoza, na asipouwahi mapema hauwahiki tena.

Katika Cessna 172, ambayo marubani wengi wa Kenya wamejifunzia pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uzito umekaa mbele ya magurudumu makuu mawili. Ndege ikitua kimshazari, uzito huohuo huivuta ikanyooka yenyewe, na rubani akapata sifa asiyostahili. Katika Piper Super Cub, yenye gurudumu la mkia, uzito uko nyuma ya magurudumu hayo. Mkia ukianza kwenda pembeni huzidi kwenda, mpaka ndege inageuka ilikotoka na ncha ya bawa inalima nyasi.

Kinachozuia hayo ni miguu. Leseni aliyonayo rubani huyu aliipata miguu ikiwa imelala nusu, na sasa inabidi iamshwe. Ukisimama kando ya kiwanja huioni, lakini tazama usukani wa mkia, ambao miguu hiyo huugeuza kwa pedali. Wa mgeni hukaa kimya, halafu unaruka wote upande mmoja, halafu wote upande wa pili. Wa fundi hautulii hata kidogo: kushoto, kulia, kushoto, vijisogeo vya kidole kimoja, na ndege inapita imenyooka kana kwamba hakuna kinachofanyika. Mimi naweza kuutazama usukani huo asubuhi nzima.

Ndani, mwanafunzi hukaa mbele na mwalimu nyuma yake. Mwalimu haioni miguu ya mwanafunzi, ila pedali zao zimeunganishwa, kwa hiyo anaisikia kwa nyayo zake mwenyewe. Mkia ukiwa chini, pua ya ndege huziba sehemu ya njia, na aliye nyuma anaona zaidi mgongo wa mwenzake. Basi huongozwa na kingo mbili za nyasi, kushoto na kulia. Wakati wa kuondoka, mkia ukiinuliwa, propela inayozunguka huivuta pua kushoto. “Guu la kulia, Kapteni,” mwalimu husema kabla mkia haujapanda, maana akisubiri pua iondoke kwanza amechelewa.

Kutua kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ni magurudumu yote matatu kwa pamoja, fimbo ya kuongozea imevutwa hadi tumboni, mabawa yakiwa yameishiwa nguvu ya kubeba. Ya pili ndiyo inayowasumbua wenye leseni: magurudumu mawili ya mbele yanagusa, mkia bado uko juu, na papo hapo rubani anaisukuma fimbo mbele kidogo ili ndege isidunde. Mkono uliofundishwa miaka yote kuvuta hukataa kusukuma ardhi ikiwa karibu hivyo.

Huku kwetu Gusii kuna la ziada. Kiwanja cha Suneka, kwenye barabara ya Kisii kwenda Migori, kiko kwenye nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi. Siku ya jua, saa ya ndege ikisoma mwendo uleule wa Mombasa, magurudumu hugusa ardhi kwa kasi iliyozidi kwa takribani asilimia 10, na nguvu ya kudhibitiwa huzidi kwa asilimia 20 hivi. Mchana upepo wa ziwani hupanda hadi kwenye vilima vya Kisii na Nyamira na kuzaa mawingu ya radi, na upepo unaoyatangulia huja kutoka popote unapotaka.

Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929, ndege zilikaa kwa mkia, na kila rubani alianzia hapo. Beryl Markham alijifunza hivyo nchini Kenya kabla ya kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza mwaka 1936. Leo Super Cub bado inapiga doria Tsavo, kwa kuwa inaruka polepole, inatua palipo pafupi na pabovu, na propela yake iko juu ya mawe.

Nchini Marekani leseni peke yake haitoshi: kwa ambao hawakuwa wamerusha ndege za gurudumu la mkia kama marubani wakuu kabla ya Aprili 1991, mwalimu lazima atie sahihi kwamba mtu ameziweza. Sheria haitaji idadi ya saa. Inataka kuruka na kutua kwa kawaida na kwenye upepo wa ubavuni, kutua kwa magurudumu mawili, na kuahirisha kutua. Wapo wanaomaliza mapema. Rubani wa jeti, mwenye maelfu ya saa, anaweza kukawia kuliko kijana aliyepata leseni juzi.