Mwiko na Timazi
Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya, wengi wanajua kuwa reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976. Lakini nani anawakumbuka waashi wa nyumba zetu? Mimi namsifu fundi wa mkoa huu wa Njombe: kiangazi anafyatua matofali, anapanga tanuru, analilisha kuni usiku kucha, kisha anashika mwiko asubuhi ya Julai, baridi ikimkaza vidole. Timazi haimdanganyi, wala yeye haidanganyi. Jioni anarudi na saruji kwenye kucha, mfukoni ada ya mtoto. Nyumba yake mwenyewe, ajabu, mara nyingi ndiyo inayobaki bila lipu. Siku ya msiba wake, waombolezaji huegemea kuta alizozipandisha kwa mkono wake.