Katika 'Jambo Bwana', anayejibu 'mzuri' ni nani?

Miezi michache iliyopita mwalimu mmoja rafiki yangu alinialika nikazungumze na wanafunzi wake wa Kidato cha Tatu. Nilipoingia darasani nilimkuta angali anafundisha matumizi ya lugha. Ubaoni aliandika neno moja tu, 'mzuri', akalipigia mstari mwekundu. Alitaka wanafunzi waeleze kosa la kisarufi lililomo katika wimbo 'Jambo Bwana' wa bendi ya Them Mushrooms. Mikono ikainuka kama msitu. Habari iko katika ngeli ya I-ZI, wakasema, kwa hivyo anayeulizwa habari hujibu 'nzuri' au 'njema'. Mzuri ni mtu, au mti. Mwalimu akaridhika. Ndipo msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Lakini mwalimu, kwani anayejibu ni nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, na swali hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo.

Tuna mazoea ya kuwaita baadhi ya wasanii 'wanamuziki wa kibao kimoja'. Tukimtaja Fadhili William, ni 'Malaika' basi. Tukiwataja Gidi Gidi Maji Maji, ni 'Unbwogable' ya mwaka 2002, nyimbo zao nyingine zikabaki kwa mashabiki wa dhati. Jina lenyewe lina kejeli ndani yake, kana kwamba msanii alibahatisha mara moja kisha akaishiwa. Them Mushrooms wameonja kejeli hiyo mara mbili. Kwanza tumewafunga katika wimbo mmoja. Kisha wimbo wenyewe tumeufanya zoezi la kusahihisha makosa!

Bendi hii ilianzishwa mwaka 1972 huko Pwani na kina Harrison, ndugu wa toka nitoke. 'Jambo Bwana', utungo wa Teddy Kalanda Harrison, ulitoka mwaka 1982. Walikuwa wakitumbuiza watalii katika hoteli za ufuoni, na wimbo ulizaliwa katika mazingira hayo. Mwaka uliofuata kundi la Boney M likatoa toleo lake, na tangu hapo wimbo umekuwa kama mali ya kila mtu.

Sasa hebu turudi kwa yule msichana. Wimbo unaanza kwa salamu, unauliza habari, unapata jibu. Mbele kidogo wageni wanakaribishwa kwa neno 'mwakaribishwa'. Litazame neno hilo vizuri, msomaji. Mtungaji hakusema 'mnakaribishwa', kama wengi wetu wa bara tulivyozoea. Alitumia kiambishi -a- cha wakati, kile ambacho watu wa Pwani hukitumia bila kufikiri: mwaja, mwataka, mwaonaje. Hicho ni Kiswahili cha mtu aliyekulia Pwani, na kimekaa mahali pake barabara. Je, mtu huyo huyo, sekunde chache kabla, alikuwa hajui kwamba habari huwa nzuri?

Siamini. Ninavyousikia mimi, wimbo huu una wasemaji wawili. Mwenyeji anauliza, mgeni anajibu. Mgeni ameshuka kwenye ndege juzi, kajifunza maneno matano kutoka kwa dereva na mhudumu wa hoteli, na katika hayo matano limo 'mzuri'. Hata 'jambo' lenyewe ni la mgeni. Mwenyeji wa Mombasa akikutana na mwenziwe husema 'hujambo' au 'salama'; 'jambo' kavu kavu huwekewa yule ambaye hatarajiwi kuelewa zaidi. Kalanda alilisikia neno hilo kila jioni likitoka vinywani mwa watu waliolipa ili wamsikie akiimba, akalirudisha kwao ndani ya muziki. Zamu ya mwenyeji ilipofika ya kukaribisha wageni, Kiswahili kikarudi nyumbani.

Kuna hoja ya pili, na hii wapenzi wa arudhi wataipokea kwa urahisi zaidi. Swali la kuuliza habari katika wimbo lina mizani 5. 'Mzuri' ina mizani 3, kwa maana ile m ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi: m-zu-ri. 'Nzuri' ina mizani 2 tu: nzu-ri. Ukiongeza 'sana' baada ya kila moja, la kwanza linakupa mizani 5 sawa na swali, la pili linakuacha na pengo. 'Mwakaribishwa' nayo ina mizani 5. Mshairi akifanya hivyo kitabuni tunasema ametumia uhuru wa kishairi na tunampa alama. Mwanamuziki wa hotelini akifanya hivyo tunampigia mstari mwekundu.

Ipo pingamizi ambayo siwezi kuikwepa. Katika rekodi, sauti zile zile zinaimba swali na jibu; hakuna anayebadilisha lafudhi kuonyesha kwamba mgeni sasa ndiye anayesema. Isitoshe, huku bara Wakenya kwa mamilioni hujibu 'mzuri' bila kuwa watalii. Ukiwauliza habari za asubuhi kwenye matatu ya Nairobi utajibiwa hivyo hivyo, na hakuna atakayeshtuka. Nakubali. Lakini mashairi mengi ya majibizano nayo hayamtaji msemaji kila anapobadilika. Msikilizaji humtambua kwa lugha yake. Na kama anayejibu ni Mkenya wa bara aliyeteremka Mombasa kwa likizo, bado ni mgeni, na wimbo bado umemsikiliza sawasawa.

Lililonisikitisha zaidi kuhusu zoezi lile ubaoni ni kwamba waliofunzwa kuucheka wimbo huo huenda wasiende mbele kuusikiliza 'Embe Dodo' au 'Ndogo Ndogo'. Huenda wasijue kwamba bendi hii ndiyo iliyoshirikiana na Malika katika taarabu, wala kwamba ilimrudisha mkongwe Fundi Konde studioni uzeeni mwake. Hiyo ni kazi ya watu walioijua lugha na wakajua nani anasema nini na nani. Tofauti ni kwamba kazi hiyo haikuchezwa uwanja wa ndege.

Baada ya kipindi nilimwuliza yule msichana amelitoa wapi swali lake. Akasema mamake huuza vinyago karibu na hoteli moja huko Diani, na hivyo ndivyo wazungu humjibu kila siku.