Pongezi kwa Mafundi wa Baridi

Katika mgodi wa nikeli wa Creighton, karibu na Sudbury nchini Kanada, wanafizikia hushuka pamoja na wachimbaji, kofia ngumu kichwani, hadi kina cha kilomita 2. Kabla ya kuingia maabara ya SNOLAB, kila mmoja huoga na kubadili nguo zote. Si madaha. Vumbi la mwamba lina urani na thori, na punje moja ikinata kwenye kola, mionzi yake yaweza kujifanya ndiyo ishara inayosubiriwa.

Kinachosubiriwa ni maada ya giza, isiyotoa nuru, ila mvuto wake unaonekana katika mwendo wa magalaksi. Wameiwekea mtego wa fuwele za germani na silikoni, zilizopozwa hadi sehemu ndogo ya digrii juu ya sifuri halisi, yaani nyuzi −273.15. Hata anga za mbali zina joto kuliko hapo! Chembe ya maada hiyo ikigonga kiini cha atomi, joto linalozuka ni kiduchu mno. Fuwele ikiwa vuguvugu, halionekani.

Friji inayozipoza fuwele hizo naihusudu. Heli-3 hupenya ndani ya heli-4 na kunyonya joto, kama maji yanavyovukia kwenye mtungi wa udongo na kuupoza. Heinz London alilitoa wazo hilo mwaka 1951.

Chembe ya maada ya giza bado haijanaswa. Nawavulia kofia kwa uaminifu wao: hutangaza “hatujaiona” baada ya miaka ya kazi, kisha huanza kusafisha shaba ya mtego mwingine.