Kipimo cha Mkono

Mzee John Shakespeare wa Stratford alikuwa fundi wa glavu. Ngozi aliilainisha mwenyewe, akaikata, akaishona hadi ikavalika bila kubana wala kupwaya. Mwanawe William, aliyebatizwa tarehe 26 Aprili 1564, hakuushika ufundi huo. Alikwenda London, akawa mwigizaji na mtunzi wa tamthilia. Hata hivyo, kila nikizisoma kazi zake namwona mwana wa fundi yule, mtu asiyetia mkasi kwenye ngozi kabla hajapima mkono.

Mikono yenyewe ilikuwa ya wenzake. Tangu 1594 aliliandikia kundi moja, ambalo naye alikuwa na hisa ndani yake, na waigizaji wake aliwajua kwa sauti, kwa mwendo, kwa pumzi. Richard Burbage alikatiwa Hamlet, Othello na Lear. Will Kemp, mchekeshaji na mcheza ngoma hodari, alipewa Dogberry katika Much Ado About Nothing, konstebo anayebeba maneno makubwa asiyoyaelewa. Tamthilia hiyo ilichapwa mwaka 1600, na katika onyesho la kuwahoji mahabusu limetokea jambo linalonigusa sana: mahali panapostahili jina la Dogberry, pamechapwa Kemp. Inaelekea mchapaji alifuata karatasi za mtunzi mwenyewe. Shakespeare alipokuwa akiandika maneno ya konstebo, aliyesimama mbele ya macho yake ni Kemp.

Kemp aliliacha kundi mwaka 1599, nafasi yake akaishika Robert Armin, mwimbaji na mtu wa mzaha mkali. Tangu hapo wachekeshaji wa Shakespeare wanaimba, tena wanawaambia mabwana zao ukweli usiosemwa na mwingine, kama Feste na yule mcheshi wa Mfalme Lear. Mkono umebadilika, na ngozi ikakatwa upya.

Hata jukwaa alilipima. Globe, ukumbi wa kundi hilo, ilijengwa mwaka 1599 kwa mbao za ukumbi wa zamani wa Shoreditch, uliobomolewa Desemba 1598 kwa sababu ya ugomvi na mwenye kiwanja. Ua wake ulikuwa wazi juu, na kwa peni moja mtu aliingia akasimama. Maonyesho yalikuwa alasiri, taa hakuna. Sasa itazame Hamlet, inayoanza saa sita usiku! Mlinzi yuko zamuni. Mwenzake anakuja kumpokea, na huyu anayekuja ndiye anayeuliza kwanza nani yuko hapo, ilhali swali hilo ni haki ya aliye zamuni. Kwa kugeuza swali tu, mtunzi ameshatuambia kwamba hawaonani na kwamba kuna kitu wanakiogopa. Halafu inatajwa saa, inatajwa baridi. Jua la London linawaka juu ya vichwa vya watu, nao wamo gizani. Sijui ufundi mkubwa kuliko huo.

Waigizaji hawakupewa tamthilia nzima. Kila mmoja alipewa maneno yake, pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia, kwa hiyo ilimlazimu kusikiliza kwa makini. Kupima huko hakukuishia London: Mwalimu Nyerere alipoitafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963, naye alikuwa na kipimo chake cha kuchukua: kinywa cha Mswahili.

Shakespeare alifariki Aprili 1616. Katika wosia wake aliwaachia Burbage, John Heminges na Henry Condell fedha za kununulia pete za ukumbusho. Burbage akafa 1619. Wawili waliobaki walikusanya tamthilia 36 katika kitabu kimoja kikubwa kilichotoka 1623. 18 kati ya hizo zilikuwa hazijawahi kuchapwa. Mwanzoni mwa kitabu waliweka majina 26 ya waigizaji. La kwanza ni la Shakespeare mwenyewe. La tano ni la Kemp, aliyekwisha kuondoka miaka mingi nyuma. Na huko ndani, penye onyesho la mahabusu, bado Kemp ndiye anayesema.