Walivyochomoka Morogoro, Agosti 1916

Jeshi lililozidiwa likiwa na bahari nyuma yake hutafuta meli. Dunkirk, mwaka 1940, meli zilivusha watu zaidi ya 338,000. Singapore, Februari 1942, meli hazikutosha, na Wajapani wakateka Waingereza na wenzao kwa makumi ya maelfu. Von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hakuwa hata na bahari ya kuitazamia, maana pwani yote ilizingirwa na manowari za Waingereza. Nyuma yake pale Morogoro ilikuwepo milima ya Uluguru tu.

Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, aliiona milima hiyo kuwa ukuta. Van Deventer, mmoja wa majenerali wake, alishaingia Kilosa tarehe 22 Agosti akifuata reli kutoka Dodoma. Smuts mwenyewe alishuka kutoka kaskazini baada ya mapigano ya Mto Wami. Akapanga kuziba mbavu zote mbili za mlima: Enslin na wapanda farasi wake waende Mlali upande wa magharibi, wengine wazunguke mashariki. Wajerumani wangebaki katikati, wamenasa.

Kumbe kulikuwa na njia ya miguu iliyokata milimani moja kwa moja kwenda Kisaki, upande wa kusini. Smuts alikuja kukiri katika taarifa yake rasmi kwamba hakuijua. Mluguru yeyote angemweleza, lau angeulizwa. Enslin aliifikia Mlali tarehe 24 na kweli akaifunga barabara ya magharibi. Vikosi vilivyokatiwa njia vikapanda mlimani. Waingereza walipoingia Morogoro tarehe 26, jeshi la Wajerumani lilishaondoka.

Siri ya kuchomoka ilikuwa mpangilio: mizigo itangulie, askari wafuate, walinzi wa nyuma wawe wa mwisho. Akiba ya chakula na risasi ilishawekwa Kisaki. Madaraja ya reli yalilipuliwa, mabehewa yakasukumwa makorongoni, na kisichobebeka kikaharibiwa.

Kilichobebeka kilipanda juu ya vichwa vya wapagazi, na hapa ndipo hesabu ilipokuwa ngumu. Chukua mtu mwenye mzigo wa kilo 25 za nafaka, anayekula kilo moja kwa siku. Akienda siku 5 na kurudi siku 5, amemaliza kilo 10. Karibu nusu ya mzigo imeishia tumboni mwa mbebaji. Ndiyo maana jeshi la namna hii haliwezi kuishi kwa bohari peke yake. Lazima lile mavuno ya vijiji linamopita, na Agosti maghala ya wakulima yana nafaka. Vitabu vingi humsifu jemadari kwa wepesi wake; mimi naona wepesi huo ulilipiwa na wapagazi na wenye mashamba, ambao hawakuulizwa kama wanataka.

Waingereza waliowafukuzia walifanya kosa lao wenyewe huko Kisaki: kila kikosi kilipigana peke yake. Jenerali Brits alifika kwa upande wa magharibi na kupigwa tarehe 7 Septemba. Nussey na kikosi chake akatokea milimani na kupigwa kesho yake, wala wawili hao hawakuwa na mawasiliano. Farasi nao walikuwa wakifa kwa mbung'o. Katikati ya Septemba Lettow aliiacha Kisaki, akajipanga upya kwenye Mto Mgeta, na sehemu ya jeshi lake ikabaki hapo mpaka Januari 1917.