Mionzi, Chembe na Vumbi: Uhakiki wa Istilahi za Unururifu

Miongoni mwa istilahi za sayansi zilizokwisha kutoka vitabuni zikaingia vinywani mwa wananchi, imo "mionzi". Hutumika hospitalini, hutumika katika matangazo ya serikali, na katika Wilaya ya Manyoni ina uzito wa pekee. Kilimatinde, mji mdogo wa wilaya hiyo, umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na upande wa mashariki, chini yake, zimetanda mbuga za Bahi. Katika ardhi ya Manyoni na Bahi madini ya urani yalianza kutafutwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na utafutaji ukarudi kwa nguvu katika miaka ya 2000. Mkulima wa hapo ana haki ya kujua neno hili lina maana gani. Sisi tunaona kwamba, kwa jinsi litumikavyo sasa, halimwelezi.

Tuzitazame sentensi tatu za kawaida: "Mgonjwa amepigwa mionzi", "Jiwe hili lina mionzi", "Mionzi imeingia kisimani". Katika ya kwanza, mionzi ni nishati ipitayo mwilini. Katika ya pili, ni tabia ya kitu. Katika ya tatu, ni kitu chenyewe, yaani vumbi au chumvichumvi iliyochanganyika na maji. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu.

Kosa hili halikuanzia kwetu. Becquerel alipogundua unururifu mwaka 1896, na Rutherford alipotenga alfa na beta mwaka 1899, wote walidhani wanashughulika na miale. Villard aligundua aina ya tatu, ambayo baadaye ikaitwa gama, mwaka 1900. Punde ikadhihirika kwamba beta ni elektroni ziendazo kasi, na kwamba alfa ni viini vya heliamu, kila kimoja kikiwa na protoni mbili na nutroni mbili. Gama peke yake ndiyo iliyo jamaa ya mwanga. Wenyewe walikwisha kusahihisha elimu yao, lakini jina la zamani likabaki, nasi tukalitafsiri pamoja na kosa lake.

Tofauti hizi si za kupuuzwa. Chembe ya alfa husafiri sentimita chache tu hewani. Karatasi huizuia, hata ngozi huizuia. Ya beta huenda mita kadhaa, huweza kuunguza ngozi, na huzuiwa na bamba la alumini la milimita chache. Gama hupenya mwili mzima, na huhitaji risasi au zege nene ili ipunguzwe. Lakini vumbi litoalo alfa likivutwa mapafuni au likimezwa, mambo hugeuka: chembe ile iliyoshindwa na karatasi humaliza nguvu zake zote ndani ya seli zilizo jirani. Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Alfa ndiyo pilipili hiyo, huwasha aliyeila. Gama huwasha hata asiyeila.

Hapo ndipo istilahi inapomhusu mtu wa Kilimatinde. Mtafuta madini apitaye mbugani na kipimo chake hasomi alfa ya urani, kwani hukwama papo hapo ardhini. Aghalabu husoma gama itokayo katika vizalia vya urani. Mwananchi akiambiwa kwamba "mionzi iliyopimwa ni hafifu", amejibiwa kuhusu kile kimpigacho kutoka nje. Kuhusu vumbi la kiangazi, maji ya kisima, na gesi ya radoni isiyo na rangi wala harufu, hajajibiwa neno. Kwa upande mwingine, aliyepigwa picha ya eksirei huogopa kwamba mionzi imebaki mwilini mwake, ilhali mashine ikizimwa hakibaki kitu, kama mwanga wa kurunzi. Neno moja limemtuliza asiyepaswa kutulia, na kumtisha asiyepaswa kutishika.

Kamusi zetu zimetoa "mnururisho", "unururifu" na "nururifu". Mzizi wake, nuru, una dosari ileile, maana jiwe la urani haling'ai gizani. Hata hivyo maneno haya yanatenganisha kitu, tabia na tendo, na kwa sababu hiyo yanastahili kutetewa.

Hatupendekezi "mionzi" ifutwe. Neno lililokwisha kukubaliwa na umma halifutwi kwa amri. Tunapendekeza lipewe mipaka. Kwanza, tuseme chembe za alfa, chembe za beta na mionzi ya gama. Pili, kitu kiitwe nururifu: vumbi nururifu, maji yenye vitu nururifu, wala tusiseme mionzi imeingia kisimani. Tatu, tutofautishe kumulikwa na mionzi, jambo ambalo hukoma chanzo kikiondolewa, na kuchafuliwa na vitu nururifu, jambo ambalo mtu huenda nalo nyumbani katika nguo, mikono na mapafu.

Baraza liliundwa mwaka 1967 ili lugha hii iweze kubeba elimu yote. Kipimo cha istilahi ya sayansi, kwa maoni yetu, ni kama mwenye kisima ataijua hatari yake kwa kuisikia tu.