Tanuri la Mtaa

Katika mji wa kale wa Fez, nchini Moroko, ambao vichochoro vyake ni vyembamba hata gari haliwezi kupita na mizigo huchukuliwa kwa punda na nyumbu, desturi ya zamani ilitaka kila mtaa uwe na msikiti, chuo cha Kurani, birika la maji ya sabili, hamamu na tanuri la mikate. Nami katika hayo sifa zangu nazielekeza kwa yule asiyetajwa sana, yaani mwenye tanuri.

Asubuhi mama wa nyumba hukanda unga, akaumba mikate ya duara, akaipanga juu ya ubao na kuifunika kitambaa, kisha mtoto huipeleka kwa mwokaji, ambaye, akiwa amesimama mbele ya moto wa kuni na koleo lake refu la mti, huioka mikate ya nyumba nyingi kwa pamoja, na baadaye akamrudishia kila mmoja mikate yake, kwani huitambua kwa umbo au kwa alama iliyotiwa katika unga. Ujira wake ni haba, wala, kwa rai yangu, haulingani na maarifa yake.

Zikikaribia siku za Idi huletewa masinia ya biskuti hata akakosa pa kuyaweka. Majiko ya gesi yamempunguzia wateja, hilo ni kweli; lakini wako wenye majiko hayo nyumbani ambao mkate wao bado huupeleka kwake, kwa kuwa ladha ya kuni hawaipati kwingine.